Marehemu kwa kalamu ya wino

Mejumaa, wacha unachofanya. Nimemuua bibi yangu Jawahir.

Kwa kalamu. Tena ya wino.

Ile picha ya harusi iliyotundikwa ukumbini kwake Kuze unaijua, bi harusi na wasichana wanane. Leo tumeitoa kwenye fremu ili yeye anitajie majina, mimi niyaandike nyuma yasije yakapotea.

Akaanza na bi harusi. "Marehemu Areej. Marehemu Salha. Marehemu Zuwena." Kila kidole kikishuka, ni marehemu. Mkono wangu ukazoea, mwenzangu.

Kidole kikafika kwa msichana wa mwisho, yule mwenye asumini kichwani. "Na huyu Jawahir."

Nikaandika Marehemu Jawahir.

MAREHEMU JAWAHIR. Na mwenyewe yuko hapo kando yangu anatafuna tambuu.

Akaomba miwani. Akasoma majina yote, taratibu, hadi la mwisho. "Kumbe nimeshakufa. Tangu lini?"

Tangu lini! Nikasema, "Nisamehe bibi, nafuta." Wino haufutiki. Akasema, "Wacha. Wenzangu wote wamekwenda, nimesalia mimi. Hukukosea, umeharakisha tu."

Umeharakisha tu.

Akanichukulia kalamu, akaongeza neno moja baada ya jina lake: "bado".

Marehemu Jawahir bado.

Akaipulizia picha wino ukauke, akanirudishia. "Siku yangu ikifika, hiyo 'bado' utaikata wewe. Kalamu kaa nayo."