Samaki wa Mwanaidi

Mjukuu wangu Saidi,

Hapa Kasulu hatujambo. Maharage tumevuna na shangazi yako amejifungua salama. Umeuliza kama nawajua samaki wadogo wa vidimbwi vya mwambani unaowasomea huko Tanga.

Nilimjua mmoja, utotoni kwetu pwani. Kila maji yalipokupwa, mdogo wangu Mwanaidi alimlisha punje za wali, hata akazoea kidole chake. Siku moja nikamfanya chambo.

“Kaka, umemwona samaki wangu?”

“Maji yamemchukua.”

Aliendelea kumpelekea wali mwezi mzima. Baadaye nikaletwa huku kufundisha, na kila likizo nilisema nitamwambia. Juzijuzi nilikwenda kumzika. Wanawe walinishukuru kwa kuwa kaka mwema.

Babu yako