Saa Yako na Kaswida Yetu

Zuhura, mke mwenzangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Chole tu wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako wa Kongowe amejifungua mtoto wa kike, na babu yako anauliza mke wake mdogo atarudi lini kutoka Arusha.

Umeniuliza umsikilize nani: saa ya mkononi inayosema mwili haujapona homa, upumzike, au kocha anayekutaka kwenye mchujo wa mbio Jumamosi. Saa hizo sizijui, mama. Ila nami nilikimbia.

Wakati wa usichana wangu, mimi na wenzangu tulifanya mazoezi huku tukiimba kaswida za madrasa. Aliyekatika sauti katikati ya mstari alipunguza mwendo, na hakuna aliyemcheka. Siku ya mashindano Kibaha nilikuwa natoka kwenye homa, kama wewe. Nikawa mbele, nikajaribu kuimba, sauti haikutoka. Rafiki yangu Mwajuma akapiga kelele nyuma yangu, "Mbona kimya? Imba, au kaa pembeni!" Nikatoka njiani, nikakaa kwenye nyasi. Akanipita akicheka, "Haya, bibi harusi, pumzika!" Nililia siku ile. Lakini msimu uliofuata nilimpita yeye, tena naimba.

Basi kesho asubuhi kimbia taratibu, uimbe. Sauti ikitoka nzima, nenda kwenye mchujo, nitakuombea dua. Ikikatika, mwambie kocha kwa adabu kwamba bado. Mchujo mwingine utakuja, inshallah. Zuhura mwingine sina.

Bibi yako,
Mwanahamisi