Mwari Aliyetulia Mno

Mpendwa kaka Kiponda,

Assalam aleikum, na shikamoo. Tangu siku ile masikioni mwangu imebaki sauti moja: sinia la shaba likizunguka sakafuni, likilia, halitaki kutulia. Lakini nianze na salamu. Natumai Doha inakutunza na kifua hakikusumbui tena. Sisi huku ni wazima, alhamdulillah, na Mama anakula vizuri hata madera yameanza kumbana. Usishangae mwandiko ukiyumba. Mtaalamu wa mazoezi ameniagiza niandike kwa mkono, nami nimeona heri nikuandikie wewe, maana kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Yaliyotokea chumbani hukuyapata sawasawa, kwa kuwa wanaume hamwingii. Nilitiwa ndani kungoja harusi nikiwa nimetoka kuugua chikungunya, ile homa ya mbu iliyopita mtaani kwetu Likoni. Homa ilikwisha, nikajiona nimepona. Somo yangu, Bi Dhahabu, aliyekuwa akinifunda, akanikalisha mkekani. Nikasingwa mwili kwa liwa ya msandali, nikalishwa, nikakatazwa kugusa hata kikombe. Miguu ikaanza kufa ganzi. Nikadhani ni kukaa. Sikusema, kwani nilikwisha kufundishwa kuwa mwari halalamiki. Kila aliyeingia alinisifu, mwari huyu ametulia, hasogei hata dirishani. Binamu yetu Mishi ndiye aliyenitaka nisimame nibadilishe leso. Nikajaribu, miguu haikunipokea, nikaliangukia sinia la liwa.

Hospitalini daktari alisema kinga ya mwili wangu ilijifunza kupigana na virusi vya homa, na virusi vilipokwisha haikuweka silaha chini. Ikaigeukia mishipa ya fahamu na kuanza kula ganda lake. Hakuweza kuapa kuwa homa ndiyo chanzo, ila amewaona wengine waliopatwa na udhaifu kama huu wiki chache baada ya kuugua virusi. Nililala nikiyawaza hayo kwa furaha ya ajabu, Mungu anisamehe. Kumbe hakuna aliyenitupia jini. Ni mwili wangu mwenyewe, ulikuwa ukinilinda kupita kiasi. Bi Dhahabu alipoelezwa alisema mwili huo umerithi ubishi wa mwenyewe, hauambiwi basi. Wodi nzima ikacheka.

Nilitundikiwa dawa, na nguvu zikaanza kurudi, mikono kwanza, kisha magoti. Kabla ya hapo nilikuwa nimempelekea mchumba wangu Jafar ujumbe kwamba yuko huru, atafute mwingine. Alikuja na nguo zake za kazi, moja kwa moja kutoka bohari ya mafuta Changamwe, akasimama mlangoni mwa wodi.

"Mpishi wa biriani nimemwambia asubiri," akasema. "Sikumwambia asije."

Nawe ukapiga simu, ukaamua harusi ingoje mpaka nitembee bila fremu ya kujiegemeza, watu wasiseme. Najua ni kwa kunihurumia. Lakini daktari hakuweza kusema ni miezi mingapi, au mwaka, na mimi sikutaka kurudishwa mkekani kungoja. Nikamwendea Baba. Akasema yeye yu radhi, ila wewe nikuambie mwenyewe.

Ndiyo nakuambia sasa, kaka. Nimeolewa. Ijumaa iliyopita Baba aliniozesha msikitini. Jioni Bi Dhahabu aliagiza nibebwe kwenye kiti mpaka jukwaani. Nikakataa, nikaingia kwa miguu yangu na fremu mbele, Mishi ameivisha asumini kana kwamba nayo inaolewa. Nilikawia njiani hata waimbaji ikabidi waurudie wimbo tangu mwanzo. Hakuna aliyenung'unika. Vigelegele vilinisukuma mpaka nikafika, nikaketi, na Mama akawa analia na kucheka kwa pamoja. Waliosema, kama walisema, sikuwasikia.

Shemeji yako Jafar anakusalimu sana, na anasema hasira zako atazipokea na biriani. Mama na Baba wanakuombea kila swala. Picha anazo Mishi. Na ukipata likizo, usinitafute Likoni. Nimeshahamia kwa Jafar, Chaani.

Wako akupendaye,
Mwanatabu