Moto Usioonekana Juani

Cleopa,

Usiguse jiko la makopo. Uji umo kwenye sufuria, upashe kwa kuni. Nampeleka Mama hospitali Kilosa. Mkono umeungua hadi kwenye kiwiko.

Jiko lile la spiriti nililitengeneza kwa makopo mawili ya maziwa ili wanafunzi wangu wapikie kambini Mikumi. Nilikuambia moto wa spiriti hauonekani juani. Ukacheka: "Limezima, Mwalimu, lina kiu!" Ukamimina spiriti. Chupa ilipowaka mkononi mwako, Mama aliipiga kofi, moto ukamrukia yeye, nawe ukatokomea mahindini. Nina hasira nawe hata kalamu inatoboa karatasi.

Baba akirudi kutoka shamba la kijiji, ~~mwambie jiko lilipinduka lenyewe~~ mwambie ukweli, kwa kinywa chako. Uongo huo aliutaka Mama. Mimi nimekataa.

Kisha uje hospitali na kanga yake safi. Tangu asubuhi hajaulizia mkono wake. Amesimama mlangoni anakuita, anataka kujua kama nawe umeungua. Njoo umjibu wewe.

Dada yako