Kapasita ya Mzee Magesa

Bunda, Jumanne

Mkono bado una ganzi.

Madukani vipuri hakuna, kwa hiyo leo nimechomoa kapasita kubwa, kile kifaa kinachotunza umeme, kwenye redio ya umeme ya marehemu Mzee Magesa, fundi aliyenifundisha kazi. Nikaiondoa chaji kwa bisibisi, ikatoa cheche, nikaiacha mezani. Baada ya chakula nimeishika, ikanipiga. Ilikuwa imejaa tena yenyewe!

Mzee alikuwaga anazifunga kapasita miguu yake miwili kwa waya, ati zisijijaze. Nilikuwaga namcheka.

Siku tuliyomkuta amefia mezani, redio hiyo ilikuwa mbele yake, haijachomekwa ukutani. Wote tukasema ni moyo.

Jioni nimemsimulia mjane wake. Akautazama mkono wangu, kisha akauliza polepole, "Na wewe imekupiga, mwanangu?"