Leseni Kumi na Nane, Stesheni Kumi na Tisa

Jumatatu, 14 Oktoba 2019

Hesabu ya mitambo imekwisha. Siku nne nzima! Stesheni kumi na tisa za mkongo wa mawasiliano, kutoka hapa Naryn hadi mpakani, na kila moja itazungumza na seva mpya: umeme upo, betri zina nguvu, jenereta inafanya kazi, chumba kina joto kiasi gani. Programu ya zamani inazimwa tarehe mosi Desemba. Waliotuuzia hawataki hata kuisikia.

Niliomba seva mbili, moja ikianguka nyingine idake. Mkurugenzi Sabyrbek alicheka mpaka akakohoa. Mbili za nini, Ainagul, tunaoa mitala? Akaifuta moja kwa kalamu nyekundu. Haya.

Leseni ni moja kwa kila stesheni. Isiyo na leseni inabaki kitone cha kijivu kwenye skrini. Mwanga unapita kwenye mkongo, wateja hawajui lolote, lakini sisi hatuoni kitu, wala kengele ya hatari hailii. Hilo nimeliandika kwenye ripoti kwa herufi kubwa. Sijui nani atasoma.

Alhamisi, 17 Oktoba

Leo orodha imesomwa. Ni mtindo wa ofisi yetu: inasomwa kwa sauti, mkuu akiwapo, asije mtu kuruka kesho kwamba hakusikia. Rinat, wakala wa wauzaji, alikuwa kwenye simu kutoka Bishkek akijaza fomu.

Stesheni za milimani ziko saba, na hapa kazini, hata kwenye orodha, tunaziita kwa majina ya walinzi wake. Wamekaa huko miaka mpaka zimekuwa zao. Ya kumi na nne, juu kabisa barabara inapokatiza mlima, mlinzi wake ni baba mkwe wangu. Na mimi jina la baba mkwe silitamki. Mkaza mwana wa kwetu halitamki, basi. Miaka sita sijawahi, na hata humu ndani siliandiki. Ofisini wanajua. Nikifika kumi na nne nanyamaza, Kubanych wa meza ya pili analisema badala yangu, watu wanacheka, tunaendelea.

Kubanych yuko Osh, harusi ya binamu yake.

Nikafika kumi na nne. Nikanyamaza. Nikangoja sauti yake kama mjinga! Mkurugenzi anakoroga chai. Rinat anasema, endelea dada. Nikaendelea na kumi na tano. Nikajisemea nitamtumia Rinat ujumbe tukimaliza. Tulipomaliza Mama akapiga, yaani mama mkwe: bomba limepasuka, jikoni kumekuwa bwawa, njoo mwanangu. Nikatoka mbio.

Jumanne, 29 Oktoba

Leseni zimefika. Kumi na nane.

Nimehesabu mara tatu. Nimehesabu kwa kidole. Kumi na nane! Ule ujumbe sikuutuma. Bomba, maji, mazulia kuanikwa — na kichwani mwangu nilikuwa nimeshautuma. Mungu wangu.

Nikampigia Rinat. Akasema fomu ina mhuri wa wizara, dada, mimi hapo sina mkono. Mkurugenzi wenu aandike barua, zabuni ifunguliwe upya.



Ijumaa, 8 Novemba

Siku kumi nimezunguka na hili jambo kama mtu aliyemeza mfupa. Leo nimemwambia Mkurugenzi. Sikumwambia kwa nini. Nilisema tu, nilikosea, imeruka moja.

Ipi?

Ya kumi na nne.

Akaelewa! Nikaona uso wake umeelewa, akacheka kidogo puani. Eti hivyo ndivyo heshima zenu zinavyotugharimu. Kisha akaacha kucheka. Nikirudi wizarani kuomba moja zaidi, akasema, wataniuliza nilikuwa nahesabu nini, mbuzi? Mpaka Machi, bajeti mpya. Sasa hivi usiniletee. Na wewe hasara yako ni nini? Mlinzi ni mkwe wako, mpigie simu kila siku umuulize hali.

Nikamwambia, mkuu, juu kule simu inakatika siku mbili mbili. Akaniambia nifunge mlango nikitoka.

Jumapili, 1 Desemba

Programu ya zamani imezimwa saa sita mchana. Mpya imewaka. Vitone kumi na nane kijani, kimoja kijivu. Kubanych akauliza, hicho vipi? Nikasema leseni yake itakuja Machi. Akasema ahaa. Hakuuliza zaidi, naye ndiye angeuliza kama angekuwa na akili ya kuuliza. Nikamchukia bure, kosa lake ni kwenda harusini.

Mama anamfungia Baba, yaani baba mkwe, soksi na nyama kavu kwa gari la kesho. Anaimba. Sijamwambia kitu.

Alhamisi, 5 Desemba

Baba amepiga. Sauti imekwaruza. Jenereta ilizimika juzi alfajiri, mafuta yaliganda kwenye bomba la mpira. Alikaa anangoja tumpigie, kama siku zote: jenereta ikizima, dakika tano haziishi, ofisi inapiga, Baba vipi huko, fanya hivi, fanya vile, gari linakuja. Safari hii kimya. Akadhani laini imekufa. Akatoka mwenyewe na birika la maji ya moto, kwa muda wa saa tatu kwenye upepo, mpaka ikashika.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekuwa vyeusi kwa baridi. Anacheka! Eti alikuwa havitumii sana. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kumkosea mtoto: binti, mmenisahau huko chini?

Nikasema mtambo mpya, Baba, bado unazoea.

Mtambo unazoea! Ulimi wangu ungekauka.

Mama nimemwambia vidole tu. Amelia na mto usoni, nisisikie. Nimesikia.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimefanya.

Leseni inaweza kuhamishwa. Unaivua stesheni hii, unaivika ile. Imeandikwa ukurasa wa mia na kumi wa kitabu cha mitambo, na chini yake kwa maandishi madogo: ikishahama haihami tena mpaka siku tisini zipite.

Kwa hiyo ni nani avuliwe? Za mjini kumi na mbili haziguswi. Benki, hospitali, ofisi ya mkoa — Mkurugenzi anaziangalia kila asubuhi kabla hajavua koti. Zimebaki sita za milimani. Nimekaa nao kichwani toka Ijumaa, mmoja mmoja, kama hakimu. Huyu yuko mbali. Huyu ana pumu. Huyu betri zake ni za zamani kuliko mimi.

Nikabaki na mzee Asankul. Stesheni yake ndiyo ya chini kuliko zote, kando ya barabara, kilomita kumi na nne tu chini ya Baba. Betri mpya. Mwili kama fahali. Mwanawe anampelekea maziwa kila Jumatano. Kama kuna anayeweza kukaa bila kuangaliwa mpaka Machi, ni yeye. Nani angesema vinginevyo?

Kubanych alipokwenda kula nikabonyeza. Ikaniuliza, una hakika? Nikabonyeza tena. Kumi na nne ikawa kijani. Kumi na tatu ikawa kijivu. Ni sekunde mbili tu.

Kwenye daftari la zamu sikuandika kitu.

Usiku huu nimekula vizuri. Niseme ukweli, humu hakuna anayesoma: nimekula vizuri.

Alhamisi, 12 Desemba

Leo kapita nani ofisini? Asankul! Alishuka kuchukua pensheni. Kofia imejaa barafu, anapiga viatu sakafuni kama farasi, anawatania wasichana wa uhasibu kwamba bado hajaoa mke wa pili na nafasi ipo. Kaniletea chupa ya kaymak, utando wa maziwa, mzito, wa ng'ombe wake mwenyewe. Kula mwanangu, umekonda, mkwe wako atasema sisi tunakunyima.

Akasimama mbele ya skrini. Nioneshe nilipo.

Nikamwonesha kumi na mbili.

Akaridhika! Kijani kizuri, akasema. Anasema majira haya ya baridi jiko la makaa linamsumbua, moshi unarudi ndani upepo ukigeuka, lakini hana hofu, chumba kikipata moto au moshi si mnaniona? Nikaitikia kwa kichwa. Nilimwambia tu asafishe bomba la jiko. Akasema atasafisha Jumamosi.

Kaymak nimempa Mama. Nimemwambia nimenunua.

Mchuma janga hula na wa kwao. Sasa nalisha na wasio wa kwangu.

Jumapili, 15 Desemba

Niko zamu na Kubanych. Nje nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Naandika hapahapa mezani.

Saa nne asubuhi Baba amepiga. Laini safi kabisa, kama yuko chumba cha pili. Asankul hapokei simu toka jana jioni. Wao wawili husalimiana asubuhi na jioni, kujulishana tu kwamba wako hai, miaka kumi na moja, laini ikiwepo, hawajakosa. Akauliza: kwenye kioo chako yukoje?

Nikaangalia kitone cha kijivu.

Nikasema, hakuna kengele yoyote, Baba.

Si uongo. Hakuna kengele yoyote!

Basi jiko limemlaza usingizi, akasema, lakini sauti haikukubali. Akakata.

Nikampigia mwanawe Asankul. Simu imezimwa. Nikampigia tena. Nikampigia Asankul mwenyewe, ikaita mpaka ikachoka. Simu inaita, kwa hiyo umeme upo, kwa hiyo betri ziko — na hilo ndilo tu ninalojua.

Nikamwendea dereva. Dereva anasema dada, theluji hii, bila karatasi ya Mkurugenzi gari halitoki getini. Nikampigia Mkurugenzi nyumbani. Kelele za wageni, mtu anaimba. Akauliza, kuna kengele?

Nikasema mkuu, mzee hapokei simu.

Nimekuuliza kuna kengele au hakuna.

Hakuna.

Sasa nitume gari kwenye dhoruba kwa sababu mzee amelala? Nikiulizwa kesho niseme nini? Niletee kengele, nitakupa gari.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Ilikuwa mdomoni. Haonekani kwa sababu nimemvua mimi, ili mkwe wangu aonekane. Ikanikwama. Mkurugenzi akasema haya, tuongee kesho.

Kubanych ameinuka kwenye kiti chake. Kasogea mpaka kwenye skrini, kaweka kidole kwenye kumi na tatu. Hii si ndiyo ilikuwa kijani? Na kumi na nne si ndiyo ilikuwa kijivu?

Akanitazama, kisha akatazama chini, kama mtu aliyemfumania mtu. Akasema taratibu, dada, umefanya nini? Akaenda kusimama dirishani.

Saa sita na dakika ishirini. Baba tena. Anahema, anavaa. Anasema kusubiri kumemshinda, anakwenda kumtazama. Kilomita kumi na nne, ni mteremko, amechukua farasi na koleo, atafika kabla ya giza. Nikapiga kelele. Nikamwambia usiende! Vidole vyako! Gari linakuja, Baba, limeshatoka.

Kweli limetoka?

Nikasita. Sekunde moja tu nilisita.

Akasema, sawa binti. Bila hasira. Kwa Asankul nisipokwenda mimi, nani mwingine anajua kwamba hajaamka? Jiko nimelifunika, mafuta nimeongeza, wewe tazama tu mtambo. Akakata. Sasa nikipiga hapokei.

Saa sita na dakika thelathini na moja. Stesheni ya kumi na nne: mlango umefunguliwa.

Mlango umefungwa.

Ndivyo mtambo unavyofanya ukiwa na leseni. Unaniambia hata dakika aliyotoka. Jenereta inafanya kazi. Betri asilimia mia. Chumba nyuzi kumi na tisa. Kila kitu kijani, na ndani hamna mtu.

Mama ametuma ujumbe: anauliza kama Baba amekula mchana.

Kubanych amerudi kutoka dirishani. Amenyanyua simu ya mezani, amebonyeza namba ya Mkurugenzi, amenishikisha. Inaita. Wimbo wa wageni utakuwa bado unaendelea huko, na mimi nimeishika kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine. Imeita mara nne. Mara tano. Amepokea, anasema haya, Ainagul, kengele imepatikana?