Mdomo wa Bunduki ya Baba

Chemchem, Tabora
4 Machi 2024

Baba mpendwa, shikamoo. Mama hajambo? Miguu yake inaendeleaje? Mimi na Hilari tu wazima, na tumbo linakua. Nikikaa chini siku hizi nanyanyuliwa kama gunia la mpunga.

Nakuandikia kwa sababu jana kwenye simu nilipayuka mpaka majirani wakatoka, nawe ukanijibu, "Mvua bado." Baba! Nilikuuliza daktari kasema nini. Mama ndiye kaniambia: sikio la kushoto limekwisha, la kulia bado lina uhai, na kilichokuharibu ni mlio wa bunduki. Ukiendelea hivyo, mjukuu atakuja akukute kiziwi kabisa. Nimelia, sikufichi.

Najua kijiji kimekukabidhi kazi ya kufukuza tembo na huwezi kuwaachia mahindi. Nimekwenda kwa mzee Adinani, yule fundi bunduki mwenye leseni. Anasema kwenye mdomo wa mtutu unaweza kufunga kipunguza sauti, kinachomeza mlio, au breki, inayopunguza teke la bunduki begani lakini inazidisha kelele. Nimekuchagulia kipunguza sauti. Kibali tayari, lete bunduki akufungie.

Binti yako,
Julieth

Ziba
25 Machi 2024

Mwanangu Julieth, marahaba. Huku wazima. Miguu ya mama yako inamruhusu kunifuata popote kunigombeza. Hilari asikuache ubebe ndoo.

Kile kidude alichonifungia Adinani, bwana! Jumanne alfajiri tembo waliingia kwa Marcelina. Nikafyatua hewani, nikafyatua tena. Bega salama, sikio salama. Tembo mkubwa akageuka, akanitazama, akaendelea kula. Na mtu hata mmoja hakutoka! Unajua hapa kwetu mlio wa bunduki yangu ndio mwano: ukisikika kila nyumba itoke na madebe, asiyetoka analipa mbuzi. Nikabaki peke yangu, nikatimua mbio kama mwizi.

Asubuhi nikataka kijiji kizima kitozwe. Wakacheka mpaka wakashika mbavu! Wote wanasema walisikia kama mtu kaangusha bati. Wakaamua mbuzi nilipe mimi, kwa kupiga mwano wa kunong'ona. Nimelipa, tumemla pamoja, mtamu kweli. Lakini shamba la Marcelina limebaki mabua, na hilo halinichekeshi.

Wiki hii nakwenda kwa Adinani anibadilishie. Nataka breki.

Baba yako,
Ngollo

Chemchem
2 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Poleni na tembo. Kwa habari ya mbuzi, Hilari amecheka mpaka chai ikamtokea puani.

Lakini umefika mjini, umefungiwa breki, umeondoka bila kupita kwangu! Ulijua nitakataa. Breki inatupa kelele pembeni na nyuma, yaani sikioni mwako. Mzee Adinani alikupa na vikinga masikio, vile vya vikombe, ukaviacha kwenye benchi lake eti utaonekana mpiga disko. Nina hasira nawe, baba. Nimevituma na kondakta wa basi la Igunga. Usipovivaa, usiniandikie tena.

Julieth

Chemchem
29 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Umenyamaza mwezi mzima. Yale niliyasema kwa hasira tu. Niandikie, hata kama hujavivaa.

Binti yako

Ziba
6 Mei 2024

Mwanangu, marahaba. Nani kakuambia nimenuna? Nilikuwa nawasubiri tembo! Ningekuandikia nini kabla ya kuvijaribu?

Juzi jioni wakaja. Nikavaa vikombe vyako. Vijana wakaanza, "Disko Ngollo, tuwekee moja!" Nikafyatua. Lo! Bega halikujua kitu, na masikioni nilisikia kama mtu anabisha hodi kwa jirani. Huko nje ilikuwa radi. Nyumba zote zikatoka na madebe, mwenyekiti na taulo lake kiunoni, tembo wakashika njia. Hata bua moja halikuvunjwa. Nikasahau kuvivua mpaka chakula cha jioni. Kumbe mama yako alikuwa ananigombeza muda wote, nami namchekea tu.

Baba yako,
Ngollo

Ziba
1 Juni 2024

Mama Recheli, hongera! Mwili unaendeleaje? Kula vizuri, lala.

Jana Hilari alipopiga simu kusema umejifungua salama, mama yako alipiga vigelegele mpaka uani kukajaa watu. Wakanisihi nifyatue mmoja wa furaha: "Breki unayo, vikombe unavyo, unaogopa nini?" Nikakataa. Nikawaambia wanyamaze wote, hata mama yako. Nikaweka simu kwenye sikio la kulia.

Mwanzoni sikusikia kitu. Nikaibana simu zaidi. Hilari akasema, "Analia, baba, unamsikia?" Huyo Hilari nilimsikia. Halafu nikamsikia Recheli mwenyewe. Analia kwa hasira kama wewe! Nimetoa machozi mbele ya mwenyekiti na wala sioni haya.

Jumamosi ijayo tunakuja. Msimbembeleze mpaka nifike.

Babu yake Recheli